Yai la Madoadoa Lina Kosa Gani?

Wenzetu, hii imetukaa moyoni, kwa hivyo tunaiandika.

Wale wa kikundi chetu walio Busia, upande wa Uganda, walipeleka trei nne za mayai sokoni. Mnunuzi akaanza kuchambua. Ya kahawia huku, yaliyopauka kule, yenye madoadoa akayasukuma pembeni kama yameoza. Ati ya madoadoa ni ya kuku mgonjwa. Akalipa trei mbili za kahawia, zilizobaki tukapanda nazo gari hadi Tororo. Huko mnunuzi mwingine akafurahia yaliyopauka, "haya ndiyo kienyeji yenyewe," halafu akatoa ya kahawia machache yaliyojichanganya humo, ati hayo ni ya gredi! Kuku ni wale wale, banda ni lile lile. Na pesa iliyopungua ilikuwa ya ada ya mtihani ya mwenzetu.

Wengine wetu tulivuka hapo hapo Busia na Malaba mwanzoni mwa 2008 tukiwa watoto, tukapokewa Mulanda, Tororo, ndipo tukapelekwa Kiryandongo. Kuchambuliwa tunakujua.

Hebu tuseme ukweli kuhusu ganda. Yai hukaa tumboni mwa kuku karibu siku nzima, na sehemu kubwa ya muda huo ganda linajengwa kwa chokaa, ambayo ni nyeupe. Rangi ya kahawia huja mwishoni, saa za mwisho mwisho, kama kupaka rangi ukuta uliokwisha kujengwa. Vunja yai la kahawia uangalie ndani: ni jeupe. Kama rangi haikuenea sawasawa, unapata madoadoa. Kiasi cha rangi ni urithi wa kuku. Leghorn hutaga meupe, Rhode Island Red hutaga ya kahawia, na majogoo wa kigeni wamechanganywa na kuku wa vijijini miaka mingi, kwa hivyo banda moja kutoa rangi tano si ajabu hata kidogo.

Chakula hakigeuzi yai la maziwa kuwa la kahawia. Chakula unakiona kwenye kiini. Kuku anayekula majani atakuwa na kiini cha njano, na anayelishwa mahindi meupe pekee kiini chake kitapauka, hata ganda liwe zuri namna gani.

Tulifanya hivi: mwezi mzima tuliandika kwa penseli kwenye kila yai kuku aliyelitaga. Kuku wetu mweusi alitoa madoadoa mwanzo hadi mwisho, na hakuugua hata siku moja. Kinachotakiwa kukutisha ni *mabadiliko*. Kuku aliyezoea kutaga kahawia iliyokolea akianza ghafla kutaga yaliyopauka, ganda jembamba au lenye mikunjo, hapo muangalie. Inaweza kuwa joto, uzee, woga wa mbwa, au ugonjwa kama kideri. Lakini utajuaje kama hujui yai lake la kawaida? Mnunuzi wa sokoni hawezi kujua. Mfugaji anaweza.

Tena ugonjwa wa kweli hausomwi kwa rangi ya trei. Januari 2017 Kenya ilipozuia kuku na mayai ya Uganda kwa sababu ya mafua ya ndege, yalizuiwa yote, ya kahawia na meupe.

Sasa ndugu zetu wa mashirika, hapa tunawaomba mtusikilize. Mradi mmoja (jina tunaliacha) ulitaka tuondoe kuku wetu wote, tupewe Kuroiler, ili mayai "yafanane." Kuroiler anataga vizuri, hatubishi. Lakini kwa kawaida halalii mayai. Vifaranga lazima ununue, na mradi ukifungwa, nani atanunua? Kuku wetu mweusi wa madoadoa ameangua vifaranga tisa bila ofisi yoyote. Leteni chanjo ya kideri, leteni hao Kuroiler pia, ila msituandikie kwenye fomu kwamba tuuze wa kwetu kwanza.

Na sisi vijana tuache kupanga trei kwa rangi kabla hatujafika sokoni, maana tumeanza kufanya hivyo wenyewe. Tangu wiki iliyopita trei zetu zinaenda zimechanganywa, bei moja. Mnunuzi mmoja Tororo amekataa. Wawili wamechukua.