Ubabe wa Bandari, Hasara ya Njisi

Aprili 2025 Watanzania tulipiga kifua. Mwezi uliotangulia Malawi ilikuwa imezuia mchele, ndizi, tangawizi na unga kutoka nje, vya kwetu vikiwemo. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, akajibu kwa kupiga marufuku mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini. Mitandaoni shangwe: watatutambua! Baada ya siku chache marufuku yetu ikaondolewa, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, isipokuwa mwenye ndizi.

Mkungu uliokwisha kukatwa hausubiri mawaziri waelewane. Kwa joto la Kyela unaiva juu ya lori palepale mpakani Kasumulu, ukianza kudondoka hauna bei tena. Mchele unavumilia stoo, ila mkopo ulioununulia hauvumilii.

Ni kweli Lilongwe ndiyo iliyoanza. Dola ziliwakaukia, wakabana bidhaa za nje. Lakini kulipiza namna ile ni uvivu wa mwenye nguvu. Uchumi wetu ulikua kwa asilimia 5.5 mwaka 2024. Sehemu ya mafuta na mbolea ya Malawi hupita bandari ya Dar es Salaam. Mwenye bandari hiyo hukaa mezani akadai masharti, hamtumii mama mchuuzi wa Njisi, pale mpakani, kama fimbo ya kumchapia jirani. Na tusijifanye malaika: Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu tulilia uonevu, wakati 2017 sisi wenyewe tuliyazuia yasitoke.

Kinachonikera zaidi hakipigiwi kelele. Mchuuzi wa Namanga, mpakani na Kenya, ana cheti rahisi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Kati ya Malawi na Zambia upo utaratibu rahisi wa soko la pamoja la COMESA. Sisi tulijitoa COMESA mwaka 2000, Malawi haimo EAC, basi mchuuzi wa Kasumulu hana hiki wala kile, na wateja wake ng'ambo ya mto Songwe ni Wangonde, ndugu wa damu wa Wanyakyusa wa upande wetu! Halafu tunashangaa magendo.

Kwenye jumuiya ya SADC tumo wote. Dodoma iibane Lilongwe isaini mambo mawili tu: mzigo ulioko njiani upite hata marufuku ikitangazwa, na mchuuzi mdogo apewe cheti chake palepale mpakani. Serikali ikishindwa hata hilo, isije Njisi kutuhubiria asilimia 5.5.