Tangazo la Nyumba Lieleze Nyumba

Sheria ya Marekani ya haki ya makazi, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, ina kifungu kinachohusu matangazo. Kinakataza kuchapisha tangazo la kuuza au kupangisha nyumba linaloonyesha kwamba watu wa rangi, dini au asili fulani wanapendelewa au hawatakiwi. Jinsia iliongezwa mwaka 1974. Ulemavu na kuwa na watoto, mwaka 1988.

Ukali wake huonekana zaidi kwa mwenye nyumba mdogo. Anayeishi kwenye jengo lake lenye makazi yasiyozidi manne ameachiwa nafasi kubwa ya kuchagua wapangaji, isipokuwa kwa rangi, ambayo sheria ya mwaka 1866 ilishaifunga. Familia yenye watoto anaweza kuikataa kimyakimya. Kuandika "watoto hawatakiwi" haruhusiwi. Ajabu, lakini ina mantiki yake: anayekataliwa mlangoni ni mmoja, ilhali tangazo huwafukuza wengi hata kabla hawajapiga simu.

Magazeti nayo hayakusalimika. Gazeti moja la wiki la Maryland lilichapa tangazo la makazi ya kupanga katika nyumba "ya watu weupe", likajitetea kwa uhuru wa vyombo vya habari. Mwaka 1972 mahakama ya rufani ililikatalia utetezi huo. Wahariri na madalali wakaingiwa na hofu, na orodha za maneno ya kuepukwa zikawa ndefu kuliko sheria yenyewe. Kusifu mandhari kukaonekana ni kuwasema wasioona. Kutaja kituo cha basi kinachofikika kwa miguu, ni kuwasema wasioweza kutembea.

Januari 1995 ilibidi wizara ya nyumba itoe waraka wa kutuliza mambo, uliosainiwa na Roberta Achtenberg, aliyesimamia haki ya makazi wizarani humo. Mandhari ruksa, kituo cha basi ruksa, hata kusema kwamba jengo lina kanisa dogo ndani yake ruksa. Anayetafuta mwenzake wa kushirikiana naye makazi anaweza kutaja jinsia anayoitaka. Roho ya waraka huo ni nyepesi kuikumbuka: tangazo lieleze nyumba, si mtu wa kukaa humo.

Waraka huohuo ulisema hakuna kosa katika jina la Kiingereza la chumba kikuu cha kulala, kile ambacho madalali wa Dar es Salaam hukiita masta. Hata hivyo, mwaka 2020 chama cha madalali wa Houston kiliacha kulitumia kwenye orodha zake, kwa kuwa baadhi ya watu walilisikia kama mwangwi wa bwana na mtumwa. Ni uungwana, na hakuna wa kuulaumu, ila mlango aliofungiwa mpangaji haukufunguka kwa hilo.

Wakati huo ubaguzi ulikuwa umeshahama kutoka kwenye maneno. Katika mtandao wa Facebook tangazo liliweza kuandikwa kwa lugha safi kabisa, kisha mwenye kulilipia akachagua nani alione na nani lisimfikie. Wizara ya nyumba ilifungua mashtaka Machi 2019. Juni 2022 kampuni mama, Meta, ilifikia makubaliano na serikali, ikakubali kulipa faini ya dola 115,054, kuachana na chombo kimojawapo cha kuchagua walengwa wa matangazo ya nyumba, na kubadili namna mitambo yake inavyoyagawa.