Sheria ya tabianchi haijasema na mwananchi

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka wa 2016 kimempa Mkenya silaha ambayo wananchi wa mataifa mengi hawana. Mtu yeyote anaweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi kumshtaki anayekwamisha juhudi za kukabiliana na janga hili, wala hatakiwi kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kudhurika. Wanasheria watakubaliana nami kwamba hilo si jambo dogo. La kusikitisha ni kwamba silaha hiyo imefungiwa katika kabati la Kiingereza.

Siku hizi wapo wachanganuzi wa sera ambao kazi yao ni kusoma sheria na kesi za aina hii, nchi baada ya nchi, na kuzihesabu. Ripoti iliyotolewa mwaka wa 2023 na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lenye makao yake papa hapa Gigiri, ilihesabu kesi 2,180 kufikia mwisho wa 2022. Mwaka wa 2017 zilikuwa 884. Ni kazi ya maana. Kwayo wakili wa Malindi hujua kwamba mkulima wa Pakistan aliishtaki serikali yake akashinda mwaka wa 2015, na kwamba mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu ya Uholanzi iliilazimisha serikali kupunguza gesi chafu kwa angalau asilimia 25. Lakini mchanganuzi ahesabuye kesi zilizofika mahakamani hana namna ya kuhesabu zile ambazo hazikufika kwa kuwa mwenye haki hakujua kwamba anayo.

Tuanze na jina lenyewe. Kwa miaka mingi redio na magazeti yetu yamezoea kusema “mabadiliko ya hali ya hewa”. Mvuvi wa Lamu anajua tangu utotoni kwamba hali ya hewa hubadilika: kusi huondoka, kaskazi huja. Nani atamshtaki kaskazi? “Tabianchi”, neno lililoshika zaidi kwa jirani zetu wa Tanzania, ni afadhali, maana tabia si jambo la siku moja. Hata hivyo, nalo halitaji mkono wa binadamu, ilhali sheria yetu inaeleza waziwazi kwamba mabadiliko inayoyazungumzia ni yale yatokanayo na shughuli za watu, zaidi ya yale ya kimaumbile. Pasipo maelezo hayo, mashtaka hayana mshtakiwa.

Fikiria sasa kesi ya Lamu. Septemba 2016 kampuni ya Amu Power ilipewa leseni ya kujenga huko Kwasasi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wenyeji walikata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo. Lilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba Sheria ya Tabianchi haikuzingatiwa. Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ilitupilia mbali rufaa ya kampuni.

Watu wengi wameusifu uamuzi huo kwa sababu ya makaa ya mawe. Mimi nausifu zaidi kwa yale uliyosema kuhusu ushirikishwaji, kwani hapo ndipo lugha inapoingia. Kanuni za mwaka wa 2003 zilizotumika zilitaka tangazo la redio litolewe kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Kuhusu ripoti yenyewe ya athari za mradi, hazikuweka sharti kama hilo. Yaani mtu aitwe mkutanoni kwa lugha yake, kisha akifika akabidhiwe kitabu asichoweza kukisoma!

Hatari hiyo sasa imehamia kwingine. Marekebisho ya mwaka wa 2023 yanataka miradi ya kaboni inayotumia ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kuondolewa gharama za uendeshaji. Gharama zipi? Fedha zote zimo katika tafsiri ya maneno hayo machache, na watakaotia sahihi ni wazee wa kijiji. Isitoshe, tunawaambia kwamba wanauza “hewa ya ukaa” katika nchi ambayo mfanyakazi hewa ni yule asiyekuwepo.

Ataibuka mtu aseme Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Tanzania ilikifanya lugha ya sheria zake mwaka wa 2021, na sisi wenyewe Katiba yetu, ambayo kifungu chake cha 7 kinakitambua kuwa lugha rasmi, tuliweza kuitafsiri. Istilahi huja kwa kutumiwa.

Si lazima tuanze na sheria zote. Tuanze na vifungu vya 23 na 24 vya sheria hii, na hukumu mbili za Lamu. Wanafunzi wanne wa uzamili wakishirikiana na wakili mmoja wanaweza kuikamilisha kazi hiyo katika muhula mmoja. Waliokwenda mahakamani kwa niaba ya Lamu walisubiri hukumu ya mwisho kwa miaka tisa, na hadi leo wakitaka kuisoma hawana budi kuisoma kwa Kiingereza.