Msiizime Snupingi ya IGMP

Mafundi wanaofunga televisheni za hoteli na kamera za ulinzi wana kauli wanazorithishana, na wanaoumia ni wateja.

"Swichi ina akili, itampelekea video anayeihitaji tu." Si kweli. Swichi hujifunza anwani kwa kuangalia pakiti imetoka kwa nani, na anwani ya multikasti, yaani ya kundi la wapokeaji, haiwi ya mtumaji kamwe. Isipoelekezwa, humwaga video kwenye kila poti ya VLAN. Chaneli kumi za megabiti 8 kila moja zinameza 80 kati ya megabiti 100 za poti ya printa ambayo haikuomba lolote.

"Tumeweka gigabiti, hakuna shida." Waya ukiishia kwenye Wi-Fi, shida ipo palepale: kwa kawaida multikasti hurushwa hewani kwa kasi ya chini, na simu zote zinasubiri zamu.

Inayodhuru kuliko zote ni hii: "Niliwasha snupingi ya IGMP, picha ikakatika. Mbovu, izime." Snupingi ni swichi kusikiliza televisheni zikitaja kundi la multikasti zinalolitaka. Lakini ili ziendelee kulitaja lazima ziulizwe, na muulizaji kwa kawaida ni ruta ya multikasti. Kwenye mtandao usio na ruta hiyo, televisheni hujiunga mara moja inapowashwa, swichi inaandika, kisha kimya. Kwa vipimo vya kawaida vya IGMPv2, baada ya sekunde 260 swichi huifuta poti ile. Ndiyo maana picha hukatika baada ya dakika 4 na sekunde 20 hivi. Dawa ni kuipa swichi moja kazi ya kuuliza kila sekunde 125, na nyingi za kusimamiwa zina uwezo huo. Ukiizima snupingi, umerudisha mafuriko yaleyale.

Wapo wanaohofia kwamba snupingi itaua OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kupeana njia. Hofu hiyo haina msingi. RFC 4541 ya mwaka 2006 inataka pakiti za anwani za 224.0.0.x zipelekwe kwenye poti zote, na OSPF hutumia 224.0.0.5 na 224.0.0.6.

Kikomo cha dhoruba (storm control) nacho si mbadala wa snupingi: huhesabu wingi tu, hivyo hukata hata picha ya anayetazama.

Fundi mwenzangu, kabla hujaizima, iulize swichi muulizaji wa VLAN hiyo ni nani. Ikijibu kwamba hayupo, mteue leo.