Risala ya Wananchi wa Njombe na Makambako kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa Kuhusu Ushirikishwaji Katika Maamuzi ya Nishati

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Njombe,
Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya,
Waheshimiwa Wenyeviti wa Halmashauri na Madiwani,
Viongozi wa dini, mabibi na mabwana,

Mkoa wetu umejaliwa upepo wa Makambako, maji ya Ruhudji na Rumakali, na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Tunaunga mkono juhudi za Serikali za kutuletea umeme wa uhakika na nishati safi. Kilio chetu ni kwamba maamuzi hufanyika kwanza, sisi tukaarifiwa baadaye, ilhali Ibara ya 8 ya Katiba inataka wananchi washiriki katika shughuli za Serikali yao. Kwa heshima tunawasilisha yafuatayo:

1. Fidia ya mradi wa upepo. Sisi tuliotakiwa kupisha mradi wa umeme wa upepo Makambako tumesubiri fidia kwa miaka mingi. Jirani aliye nje ya eneo la mradi amepanda maparachichi na anavuna. Sisi tunasita hata kuezeka upya jiko, tukihofia kuvunjiwa. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inaupa uthamini uhai wa miaka miwili tu. Tunaomba tuelezwe kwa maandishi hatima ya mradi. Kama upo, uthamini urudiwe na fidia ilipwe kabla ya ujenzi. Kama haupo, tutamkiwe rasmi kwamba ardhi ni yetu kuitumia.

2. Miradi ya umeme wa maji. Ruhudji, hapa Njombe, imepangwa kuzalisha megawati 358, na Rumakali, wilayani Makete, megawati 222. Tumezisikia habari zake tangu utotoni, lakini ripoti za athari kwa mazingira hatuzioni vijijini. Tunaomba muhtasari wa Kiswahili ubandikwe kwenye ofisi ya kijiji siku 30 kabla ya mkutano mkuu wa kijiji, na maoni yetu yaingizwe kwenye muhtasari wa kikao.

3. Gharama ya kuunganishiwa umeme. Kijijini mwananchi hulipa shilingi 27,000. Mjini, tangu Januari 2022, ada imekuwa shilingi 320,960. Mitaa yetu ya pembezoni inahesabiwa kuwa mji, ingawa tunaishi kwa kulima mahindi na viazi. Njia kuu ya umeme ya kilovolti 220, itokayo Makambako kwenda Songea, inapita juu ya mashamba huku baadhi yetu wakiwasha vibatari. Tunaomba Kamati za Maendeleo za Kata zikae na wakazi kuainisha vijiji-miji, yaani mitaa ya mji yenye maisha ya kijijini, na ada ifuate hali halisi ya watu.

4. Nishati safi ya kupikia. Mkakati wa Taifa wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Lengo ni jema, na akina mama ndio wanaoumia kwa moshi. Lakini baridi ya Juni na Julai kwetu ni kali, na jiko la mkaa linalopika ugali ndilo linalowapasha joto watoto na wazee. Mtungi wa gesi haujibu hitaji hilo. Tunaomba akina mama wa Njombe waulizwe kabla ya vifaa kununuliwa, na majiko banifu yanayotumia mabanzi na maranda ya viwanda vyetu vya mbao yafikiriwe.

5. Uwakilishi. Mawengi, wilayani Ludewa, wananchi wana jumuiya yao inayoendesha umeme wa maporomoko madogo ya maji. Uwezo huo upo ndani ya mkoa huu. Tunaomba kila kata iwe na kamati ya nishati yenye wanawake na vijana, ikutane kila robo mwaka, na taarifa yake isomwe kwenye mkutano wa hadhara.

Mheshimiwa, tumevumilia bila kufunga barabara wala kung'oa kigingi cha mradi. Tunaamini haya yamo ndani ya uwezo wa ofisi yako. Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 60, yasomwe mbele ya wananchi wote.

Tunaomba kuwasilisha.

Wananchi wa Njombe na Makambako