Mgeni wa siku moja naye ana wajibu

Wahenga walituusia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe akalime. Hawakutuachia neno kuhusu mgeni wa siku moja, yule anayeshuka asubuhi, akala, akaoga baharini, akapiga picha na kuondoka kabla ya jua kutua. Huyo hapewi jembe kwa kuwa hakai. Nimewahi kuwa mgeni wa namna hiyo, na ninathubutu kusema kwamba deni lake ni kubwa kuliko anavyodhani.

Mnamo Agosti 2019, chama chetu cha kuweka akiba hapa Machakos kiliamua kutumia sehemu ya faida yake kwa safari ya pwani. Tulikuwa watu thelathini na wawili, wengi wetu walimu wastaafu na wafanyabiashara wa sokoni, pamoja na wajukuu waliokuwa likizoni. Tulikodi basi, tukaingia barabara kuu pale Kyumbi, tukapita Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi, na usiku tukalala Likoni. Kesho yake ndiyo iliyokuwa siku yenyewe: kwenda Shimoni, kilomita zipatazo 75 kusini mwa Mombasa, kuvuka hadi kijiji cha Wasini kilicho kisiwani, kisha kurudi kabla ya magharibi.

Miongoni mwetu alikuwamo mama wa miaka zaidi ya sabini ambaye hakuwa ameiona bahari maishani mwake. Alipofika ufuoni aliinama, akachota maji kwa kiganja, akayaonja na kuyatema. Akasema kwamba bila shaka Mungu aliyatia chumvi ili Wakamba wasije wakayahamishia kwao. Tulicheka sana. Sikujua kwamba kabla ya alasiri mzaha huo ungenigeukia.

Si kwamba sisi ni wageni kabisa wa pwani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ndiyo iliyoteremsha pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa. Mmisionari Ludwig Krapf, aliyeishi Rabai, alifika Kitui mwaka 1849 kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara hiyo. Mwaka 1938, Muindi Mbingu alipowaongoza Wakamba kutoka Machakos hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo yao, serikali ya kikoloni ilimhamishia Lamu. Hata Shimoni kwenyewe yapo magofu ya majengo ya ile Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, na Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyojenga ngome yake hapa Machakos. Kwa hiyo tuliokwenda Wasini tulikuwa tukipita njia ya zamani. Tofauti ni kwamba wazee wetu walikwenda na bidhaa na lugha ya kujadiliana na wenyeji, nasi tulikwenda na kamera.

Tuliingia katika pango la Shimoni, ambamo wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa kabla ya kusafirishwa. Tukatoka kimya. Kisha tukapanda mashua ya injini na kuvuka.

Wasini ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Hakuna magari, kuna vijia, misikiti na nyumba zilizokaribiana. Wakazi wake ni Wavumba, wenye lahaja yao ya Kivumba. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe makavu yaliyosimama kama sanamu, ambayo bahari huyafikia wakati wa bamvua. Akina mama wa kijiji wamepitisha hapo daraja refu la mbao, na kila mgeni hulipa ada ndogo ili alipite. Ni mradi wao wenyewe, na mapato yake hurudi kijijini.

Baada ya kuzunguka tuliketi chini ya mti, tukafungua makasha yetu. Tulikuwa na kuku wa kukaanga, mikate, soda na maji ya chupa, vyote vilivyonunuliwa Mombasa kwa sababu mweka hazina wetu alisema kisiwani kuna ughali. Hatua chache kutoka tulipoketi akina mama walikuwa na wali wa nazi, samaki na kaa. Hapana hata mmoja wetu aliyewauliza bei.

Nilipokuwa nikila alinijia msichana mdogo, labda wa miaka minane.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, hiyo chupa umeimaliza?"

Nilidhani anataka chupa tupu ya kuchezea. Nikamwambia kwamba bado ina maji kidogo, angoje niyamwage. Akaruka na kunishika mkono. "Usiyamwage babu, nipe na maji yake."

Ndugu msomaji, mimi nimezaliwa Machakos. Nililelewa na mama aliyeamka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa mto mkavu ili apate mtungi mmoja. Ningetakiwa kuwa mtu wa kwanza kuelewa. Wasini haina mto, na visima vyake vina chumvi. Kwa vizazi vingi wakazi wake wametegemea mvua inayokingwa kwenye mapaa na kuhifadhiwa katika birika, na mvua ikikawia ilibidi maji yavushwe kutoka bara kwa chombo. Sisi tulikuwa tumevuka na makasha ya maji, tukanawia mikono, na yaliyobaki tukawa tayari kuyamwaga juu ya mawe mbele ya mtoto mwenye kiu.

Usiku ule nilikaa na mweka hazina tukapiga hesabu, si ya lawama bali ya ukweli. Basi lilikodiwa Machakos. Malazi yalikuwa Likoni. Chakula, soda na maji vilitoka katika duka kubwa la Mombasa. Kijiji chenyewe tulichokwenda kukiona kilipata nini? Kilipata nauli ya mashua, ada ya daraja la akina mama, na mifuko mitatu ya takataka zetu. Hata hiyo mifuko haikukusanywa na sisi. Niliwaona vijana wa kijiji wakiokota.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba udhia huu naujua kutoka upande wa pili. Mashariki mwa mji wa Machakos, huko Kituluni, iko sehemu ya barabara iitwayo Kyamwilu ambapo gari huonekana likipanda mlima lenyewe bila injini. Watu hutoka Nairobi kwa wingi kuja kushangaa. Na namna yao ya kushangaa ni ipi? Humwaga maji barabarani ili wayaone "yakipanda". Humwaga maji ya kunywa, katika nchi ya Wakamba, mbele ya akina mama waliobeba mitungi! Kisha hutupa chupa na kurejea mjini. Mara ngapi tumewanung'unikia wageni hao? Kumbe tulipopata nafasi ya kuwa wageni, tulifanya yale yale.

Tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na fuo zetu. Hiyo ni sheria njema. Lakini sheria humzuia mtu kutupa chupa. Haimfundishi kumtazama mwenyeji usoni. Ukikatazwa plastiki ukaja na chakula chako katika sufuria, ukala, ukaondoka, kijiji bado hakikupata kitu.

Najua jibu litakalotolewa. Watu watasema kwamba chama cha watu wa kawaida hakina pesa za kutapanya, na kwamba kila shilingi ni lazima ihesabiwe. Nakubali. Lakini sisemi tutumie zaidi. Nasema tutumie pengine. Pesa tulizonunulia kuku wa Mombasa zingeweza kununua samaki wa Wasini, kama mtu mmoja angepiga simu wiki moja mapema na kuwaambia akina mama wale kwamba watu thelathini na wawili wanakuja. Wao wangepanga bei ya watu wengi, nasi tungekula chakula ambacho hatukipati Machakos. Badala yake tulisafiri zaidi ya kilomita 400 kwenda kula kuku.

Wengine watasema kwamba wenyeji nao wana makosa yao, kwamba mgeni akionekana bei hupanda. Huenda. Lakini bei hupanda kwa mgeni asiyetoa salamu na asiyetarajiwa kurudi. Anayeuliza hali, akaketi na akajulikana jina, huuziwa kama jirani. Hilo ni kweli Shimoni kama lilivyo kweli katika soko la Machakos.

Tena kuna hasara isiyoandikwa katika daftari la mweka hazina. Tulikuwa na mengi ya kuzungumza na watu wale. Sisi ndio watu wa makinga maji ya "fanya juu", na watu wa mabwawa ya mchanga: ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga huo, yakikingwa na jua, hadi kiangazi. Ndiyo maana kila lori linalozoa mchanga wa mito yetu kwenda kujenga Nairobi huondoka na kisima cha mtu. Wao nao ni mabingwa wa kukinga mvua isipotee hata tone. Kisiwa hakina mto wa kujengea bwawa, lakini Machakos ina maelfu ya mapaa ya mabati yanayomwaga mvua ya masika chini bila kukingwa. Nani basi angekuwa mwalimu wa nani siku ile? Hatukuuliza, kwa kuwa tulikuwa na haraka ya kuwahi feri.

Chama chetu kimejiwekea kanuni tatu kwa safari yoyote ijayo. Kwanza, mlo mmoja angalau utapikwa na wenyeji na kulipiwa kwa bei ya haki. Pili, kila takataka tuliyoingia nayo tutatoka nayo. Tatu, saa moja itatengwa ya kuketi na wazee na akina mama wa mahali hapo, bila kamera, tukiuliza na kuulizwa. Navisihi vyama vingine, makanisa na shule za Ukambani zifikirie jambo hili kabla ya kukodi basi.

Mimi binafsi, niliporejea nyumbani niliweka mifereji kwenye paa langu na tangi la lita 5,000 ambalo nilikuwa nikiliahirisha kwa miaka kumi na miwili. Kila mvua inaponyesha humkumbuka yule mjukuu wa Wasini na mkono wake mdogo uliozuia wangu. Nilimpa chupa na maji yake, akashukuru na kukimbia. Sikumuuliza hata jina.