Akitembea Barabarani Kafulia, Akitembea Jimu Anajipenda!

Watu wa mjini mna mambo. Wiki hii imezungushwa sana picha ya msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina linahifadhiwa, yule aliyewika enzi zile nyimbo zinauzwa kwenye kanda. Jamaa yuko pembeni ya barabara ya Bagamoyo, asubuhi, raba zimechakaa, fulana imelowa jasho, kashika chupa ya maji. Basi. Hakuna kingine kwenye ile picha. Lakini koment sasa! "Kafulia." "Gari liko wapi?" Mwingine kaomba watu wamchangie nauli.

Siku hiyohiyo mdada mmoja wa Bongo Movie kaposti video yuko jimu, juu ya mashine ya kukimbilia, taiti mpya, kope za bandia, nywele zimetulia utafikiri anaenda kwenye sendofu. Na wala hakimbii, anatembea tu. Huko ni makopakopa na "unajipenda dada" mwanzo mwisho.

Jamani, si wote wawili walikuwa wanatembea? Tofauti ni kwamba jamaa alianzia Makumbusho akafika Morocco, dada katembea nusu saa yuko palepale, tena kalipia. Ndo tulipofika. Kutembea ni aibu mpaka ukulipie na kukupigia picha.

Turudi kwa huyo "aliyefulia". Wanaomjua mtaani kwake wanasema gari aliuza mwenyewe, na ile nyumba ya kodi ya mastaa aliihama kwa akili zake. Shoo zilipungua, ndiyo, hilo hakuna anayebisha. Lakini wangapi mjini shoo zimepungua na bado wanakopa mafuta ili waonekane wamekaa kwenye foleni na kioo kimepandishwa? Yeye aliamua kuishi na alichonacho. Presha ilishamtisha, daktari akamwambia atoe kitambi. Akajiandikisha jimu, akaacha. Akajiandikisha tena, akaacha. Kila akienda anajiona yuko adhabu, anahesabu dakika kama mfungwa. Kilichombadilisha ni jirani yake fundi seremala, aliyemburuta Jumapili moja kwenye klabu ya jogingi ya mtaa. Kule alikuta mama lishe, makondakta, wazee wastaafu, mtu na filimbi mbele, wanaimba, wanataniana, aliyechoka anatembea na wala hachekwi. Jumapili iliyofuata alikwenda bila kuburutwa. Sasa hivi safari ya jirani hapandi bajaji, anatembea, eti anapata melodi njiani.

Mtu kajifunza kufurahia kitu ambacho wengi wenu mnakifanya kwa kununa, halafu mnamchangia nauli!

Na hii chuki ya mazoezi haikuanza leo, imetoka shuleni. Ukichelewa namba, kichurachura. Ukipiga kelele darasani, pushapu. Ukisahau fagio, zunguka uwanja. Mtoto miaka yote anaambiwa kutumia mwili ni malipo ya kosa, akikua utamwambia nini? Lakini watoto haohao kengele ikilia walikuwa wanacheza rede mpaka giza linaingia, mama anaita mara tano hakuna anayesikia. Kombolela, kuruka kamba, chandimu. Hakuna aliyeita mazoezi. Hata ule mchakamchaka wa asubuhi, ukiondoa mwalimu mwenye fimbo nyuma, watu waliupenda kwa sababu ya nyimbo. Kukimbia huku unaimba na wenzako ni raha, kukimbia peke yako unajitazama kwenye kioo ni kazi. Wale wa jogingi wamelijua hilo siku nyingi, na hawakufundishwa na staa yeyote.

Mastaa wenyewe ndo wanaotuharibia. Kila Januari wanaibuka na tizi, Februari hawaonekani, Machi wanatangaza mkanda wa kubana tumbo. Mkanda haukati mafuta. Unabana, unatokwa jasho, jasho ni maji, ukinywa maji yanarudi, ukivua na tumbo linarudi. Zile chai za kukata tumbo zenye majani ya sena ni dawa ya kuharisha tu, kinachopungua ni maji na choo, nyama uzembe iko palepale inakusubiri. Wanajua. Wanalipwa.

Anayeumia ni binti anayeuza duka Kariakoo, anayemwamini dada yake wa Bongo Movie kuliko anavyomwamini mama yake mzazi. Yupo mmoja, alichukua mkopo wa kikoba akanunua mkanda, chai, taiti na mwezi mmoja wa jimu. Ile hela ilikuwa iongeze mtaji wa vijora. Mwezi ukaisha, mwili haujafanana na wa kwenye simu, rejesho linadaiwa, na binti kajiona mzembe, hana nidhamu, ana mwili mbaya. Hakuna aliyemwambia kwamba yule dada wa kwenye picha kakaa kwa fundi picha nusu siku. Hakuna aliyemwambia kwamba kila siku anasimama, anapanda ghorofa na mizigo, anatembea kutoka stendi, na kwamba huo mwili anaouchukia umefanya kazi kuliko wa huyo staa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kumo, na kidogokidogo kunahesabika. Yaani nusu saa kwa siku 5. Hawajataja taiti.

Kuna watakaosema kutembea ni kwa wasio na uwezo. Haya, mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Rais wa nchi, magari ya serikali yapo. Hebu mwambieni na yeye kafulia! Na Desemba 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Kuna mastaa siku hizo walijaa na trakisuti zinanukia dukani. Jumamosi zinaendelea kuja kila mwezi, wao wako wapi?

Kwenye jambo moja tu wanaopinga wana haki, tena kubwa. Barabara zetu nyingi hazina pa kupita mwenda kwa miguu, na pale penyewe palipo, bodaboda kageuza njia yake na mama wa mihogo kapanga meza. Kwa dada zetu ndo balaa zaidi. Msichana akikimbia peke yake saa 12 asubuhi, kila kijiwe kinapiga mluzi, kuna wanaomfuata na pikipiki kabisa wakitoa maneno ya hovyo. Halafu haohao jioni wanaandika "wanawake wa siku hizi wavivu". Wengi wanaolipia jimu hawalipii mashine, wanalipia mlango unaofungwa. Huyo si wa kuchekwa. Wa kusemwa ni mwanaume mzima anayeona mtu anakimbia akadhani anamkimbilia yeye.

Hapo ndipo klabu za mtaa zinapowazidi mastaa wote. Dada akiwa katikati ya watu 30 wanaoimba, mluzi wa kijiwe hausikiki. Fulana moja ya klabu, nayo si lazima siku ya kwanza. Mchango upo ila mdogo, na mwanachama akifiwa wanakwenda na sare zao, akiugua wanapita kumsalimia. Jimu gani itakuzika?

Wanaoanza wasijitutumue. Mwenye presha au kisukari apite kwa daktari kwanza. Wengine tafuteni kinachowachekesha: rede, mpira wa mchangani, baiskeli, taarabu sebuleni na mlango umefungwa, kutembea na shoga yako mkimsengenya mtu kutoka Mwenge hadi Sayansi. Ukiona unaangalia saa kila dakika, badilisha, si lazima uteseke.

Jumapili saa 12 kamili asubuhi, ukisikia filimbi inapita nyumbani kwako, hao ndo wenyewe. Haya wadau, wenye matusi uwanja ni wenu hapo chini, ila andikeni mkiwa mmesimama.